Nitie sahihi binti yangu aondolewe kwenye Shakespeare?

Dada Mshauri, salamu nyingi kutoka Kentucky.

Nina binti wa miaka 16, yuko darasa la kumi katika shule ya serikali hapa mjini kwetu. Sisi ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Kabla ya kuletwa Marekani tulikaa kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na huko masomo yalifuata utaratibu wa Kongo, kwa Kifaransa. Kiingereza amekianzia hapa hapa. Ni mtoto wa vitabu tangu mdogo, hata karatasi ya kufungia sabuni alikuwa anaisoma kabla ya kuitupa.

Muhula huu, kwenye somo la Kiingereza, wanasoma tamthilia ya Shakespeare inayoitwa Julius Caesar. Wanaisoma kwa sauti darasani, kila mwanafunzi amepewa mtu wake, na kila sehemu ikiisha wanafanya jaribio. Sehemu ya kwanza alipata 78, ya pili 81. Nikamshukuru Mungu. Ya tatu akapata 40. Tena kuna insha ya kulinganisha hotuba mbili, ya Brutus na ya Antony, ambayo hajaiandika mpaka leo na tarehe imepita. Siku aliyopangiwa kusoma kama mmoja wa wananchi wa Roma alisema tumbo linamkata, akabaki kitandani. Nikajua ni aibu ya kusoma mbele ya watoto waliozaliwa na Kiingereza mdomoni.

Nikaitwa shuleni. Mwalimu, mama mmoja mpole, alisema anaona mzigo umemzidi. Anapendekeza ahamie darasa la Kiingereza la wanaojifunza lugha, ambako hadithi hiyohiyo wanaisoma kwa Kiingereza chepesi, kitabu chembamba chenye picha. Akanionyesha karatasi ya mtihani wa lugha wa kila mwaka: amepata 3.2 kati ya 6. Akanipa fomu niende nayo nyumbani. Maneno yote hayo nilitafsiriwa na binti yangu mwenyewe, maana Kiingereza changu ni cha dukani na cha kazini, hakifiki huko.

Usiku akaniambia, "Mama, ukitia sahihi, mimi siendi tena shule." Basi nikadhani atakazana. Lakini kila nikimkuta na simu anasoma muhtasari wa kitabu, au anaiuliza programu ya kutafsiri mstari mmoja mmoja. Kitabu chenyewe kimefunikwa mezani.

Baba yake anasema nitie sahihi. Mtoto anataka unesi, na kwa unesi wastani wa alama ndio mlango. Shakespeare hatibu mgonjwa. Kaka yake anasema nisithubutu, darasa lile wenzao wanaliita la wageni, ukiingia hutoki.

Mimi nina langu la tatu. Mchezo wenyewe siupendi. Nimeelezwa kuwa ni habari ya wakubwa wanaomchoma visu kiongozi wao. Sisi visu tumevikimbia. Mdogo wa mume wangu alisimamishwa barabarani, akaulizwa jina lake na kwao ni wapi, akajibu, hakufika nyumbani. Watoto wote wanaijua habari hiyo, kila mwaka tunamwombea. Sasa shule inawafundisha watoto kuua kwa mashairi? Nimefikiria hata kumwomba mwalimu amtoe kwenye kitabu hiki kabisa. Ila binti mwenyewe hajalalamikia damu. Amenyamaza tu.

Fomu inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nitie sahihi au nisitie?

Mama wa Watano, Kentucky

* * *

Mama wa Watano, dada yangu, pole kwa kukaa kati ya watu watatu wanaovuta kila mmoja upande wake, nawe ndiye mwenye kalamu.

Nilivyokuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa kwenye fomu moja. La kwanza ni la lugha: je, binti anaweza kusoma Shakespeare kwa Kiingereza chake cha sasa? La pili ni la kitabu: je, mtoto wa nyumba kama yako asomeshwe mchezo huu? Mwalimu amejibu la kwanza, na la pili hakuulizwa. Mimi naona yaweza kuwa yamebadilishana mahali, na barua yako yenyewe ndiyo iliyonitia shaka.

Tazama alama. Kama tatizo ni Kiingereza, angeanguka mwanzo. Sehemu ya kwanza ya mchezo huu ndiyo ngumu kuliko zote kwa mgeni wa lugha: unaanza na fundi viatu anayewachezea maafisa kwa maneno yenye maana mbili, kisha Cassius, kinara wa njama ya kumuua Caesar mtawala wa Roma, anazungumza kurasa kadhaa kumvuta polepole Brutus, rafiki wa Caesar. Sehemu ya pili ina Brutus peke yake usiku, akijishawishi kwamba Caesar auawe kwa sababu ya atakavyokuwa, maana mpaka hapo hana kosa la kumshitakia. Hayo hata wazawa huwapita. Binti yako alipata 78 na 81. Sehemu ya tatu ina vitendo vingi na maneno mepesi zaidi, na hapo ndipo alipopata 40.

Kuna kitu kingine ndani ya sehemu hiyo ya tatu. Onyesho lake la mwisho ni fupi mno, kama mistari 40 tu. Antony, rafiki mwingine wa Caesar, amekwisha kuwawasha watu kwa hotuba yake ya mazishi, mji umechafuka, na mtu mmoja mshairi anayeitwa Cinna anatembea barabarani. Umati unamsimamisha. Unamuuliza jina lake, anakwenda wapi, anakaa wapi, ana mke au hana. Anajibu. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji wa Caesar. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi, siye yule mwingine. Wanajibu kwamba hata hivyo jina lake ni Cinna, na wanamrarua. Wanaoyasema maneno hayo kwenye kitabu ni wananchi wa Roma: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

Sasa rudi kwenye barua yako usome habari ya shemeji yako. Kisha usome siku ya tumbo.

Huenda nimekosea. Huenda siku ile walikuwa wanasoma hotuba tu, ambako wananchi wamo pia, na tumbo lilikuwa tumbo kweli. Lakini kabla hujakata kwamba ni aibu ya Kiingereza, inafaa kujua alipangiwa kusoma onyesho gani. Onyesho hili watu wazima wenyewe limewashinda. Kwa miaka mingi majumba ya maonyesho yalikuwa yakiliruka, mpaka mwongozaji wa michezo Orson Welles alipolirudisha mbele mjini New York mwaka 1937, na watazamaji wakalikumbuka kuliko kifo cha Caesar mwenyewe.

Namna ya kumuuliza ina uzito wake. Ukimwambia, "Ni kwa sababu ya baba mdogo, sivyo?" atasema hapana, na mlango utafungwa. Mtoto wa umri huo hataki kusomwa. Afadhali umwombe akusimulie mchezo kwa Kiswahili mkiwa na kazi mikononi, mnamenya viazi au mnakunja nguo, tangu mwanzo, nani anataka nini. Usimkimbize. Akifika baada ya hotuba za mazishi, sikiliza tu kama Cinna anatajwa au anarukwa. Akimruka, unaweza kusema umesikia kuna mshairi ndani ya hadithi hiyo, halafu unyamaze. Akisimulia kwa urahisi na kucheka, basi mimi nimesoma vibaya, na tumerudi kwenye Kiingereza.

Na kama ndivyo nilivyoshuku, usikimbilie kumwambia mwalimu. Habari ya marehemu ni ya nyumba yenu, lakini ukimya wa darasani ni wa binti yako. Wapo watoto wanaoona ahueni mwalimu akijua. Wapo wanaochukia kabisa kuwa "yule wa vita" hadi wahitimu. Mwulize yeye: mwalimu aambiwe, aambiwe nusu, au asiambiwe? Nusu inatosha kwa mengi. Kusema tu kwamba onyesho lile linagusa jambo la familia, na kwamba anaomba asiwe mmoja wa umati, ni ombi ambalo mwalimu mpole hulikubali bila kudai maelezo. Anaweza kumpa kazi nyingine ndani ya mchezo huohuo, kwa mfano ugomvi wa Brutus na Cassius hemani katika sehemu ya nne. Hatari yake ni ndogo lakini ipo. Akiondolewa kimyakimya kwenye kila kinachouma, atajifunza kwamba linalouma halisemeki. Ndiyo maana hata wazo lako la kumtoa kwenye kitabu kizima nisingelitupa, ila ningemwachia yeye alitamke kwanza.

Juu ya kuua kwa mashairi, hofu yako naielewa. Umeambiwa katikati ya hadithi, mwisho wake hukuambiwa. Caesar anakufa mchezo ukiwa haujafika nusu. Baada ya hapo kila kitu kinawaharibikia wauaji: mji unawaka, vita ya wenyewe kwa wenyewe inaanza, Cassius na Brutus wanaishia kufa kwa panga zao wenyewe. Na upande wa pili hausafishwi. Sehemu ya nne inaanza na watawala watatu wapya mezani wakitia alama kwenye majina ya watakaouawa. Lepidus anamkubali ndugu yake, Antony anamtoa mwana wa dada yake, kisha wanaendelea na mazungumzo. Mchezo huu ni wa mwaka 1599, malkia wa Uingereza akiwa mzee asiye na mrithi, na watu walikuwa na sababu ya kuuliza nini hufuata mtawala akiondoka. Watu waliofungwa kwa siasa nao wameusoma. Pale Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini, nakala ya kazi za Shakespeare ilizungushwa kwa wafungwa kila mmoja aweke sahihi penye maneno yaliyomgusa, na Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977 kwenye mistari ya mchezo huu ambamo Caesar anasema waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao. Sisemi kwa hiyo binti yako lazima ausome. Nasema tu kwamba anachokisoma hakiko mbali na uliyoyaona wewe kama unavyodhani, na hilo laweza kuwa sababu ya kuuacha au sababu ya kubaki nao. Mizani hiyo ni yenu wawili.

Sasa Kiingereza chenyewe, kwa sababu hata kama Cinna ndiye kisa, lugha bado ni mlima na muhtasari wa simu unampoteza.

Programu ya kutafsiri hushindwa hapa kwa sababu inayoeleweka. Shakespeare hupindua mpangilio: kitendo kinatangulia, mtenda anakuja baadaye, na sentensi moja huvuka mistari minne au mitano. Ukiilisha mashine mstari mmoja, umeipa kipande kisicho na kichwa, nayo itakutungia kichwa. Mtoto aliyezoea mashairi yetu hunaswa zaidi, maana kwetu mshororo kwa kawaida hubeba hoja yake ukaimaliza. Kwa Shakespeare mstari una mizani kama kumi, lakini mwisho wa mstari si mwisho wa wazo. Asome mpaka kwenye nukta. Hilo peke yake hufungua karibu nusu ya kurasa.

Kwa jioni moja, dakika 40 zinatosha. Kwanza ajue kwa Kiswahili onyesho linahusu nini: nani anataka nini kwa nani. Hapo muhtasari unaruhusiwa, usizidi dakika tano. Kisha asikilize onyesho likisomwa na waigizaji huku macho yakifuata maandishi, bila kusimama hata asipoelewa, kwa sababu sauti ya mwigizaji inaonyesha nani amekasirika na nani anabembeleza. Matini kamili ya mchezo iko bure kwenye tovuti ya maktaba ya Folger ya Washington, na sauti maktaba ya umma ya mji wenu huenda inayo. Baada ya hapo achague mistari 15 hadi 20, si zaidi. Katika kila sentensi atafute kitendo, kisha mtenda, avipigie mstari. Pembeni aandike sentensi moja ya Kiswahili, chini yake moja ya Kiingereza chake mwenyewe. Wanaojaribu onyesho zima kwa njia hii huchoka siku ya pili wakarudi kwenye simu, kwa hiyo ukimwona anachukua mistari 60, mpunguzie.

Kifaransa chake nacho ni mali. Maneno mazito ya mchezo huu, ya heshima, ya tamaa ya ukubwa, ya uasi, ya utovu wa shukrani, Kiingereza kiliyapata kwa Kifaransa na Kilatini, na yeye anayajua tayari kwa sura iliyo karibu sana. Nashangaa hakuna aliyemwambia.

Wewe pia unaweza kumsaidia. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili mwaka 1963, na toleo alilolirekebisha, Juliasi Kaizari, likatoka 1969. Uliza maktaba ya umma kama inaweza kukuagizia kutoka maktaba nyingine. Onyo mbili: Kiswahili chake ni cha kishairi, nacho kinataka utulivu, na mwalimu wa binti atataka nukuu za Kiingereza zenye namba za sehemu, onyesho na mstari, zilizotengwa kwa nukta, mathalani 3.2.82. Tafsiri ni ya kuelewa na ya kubishana nyumbani. Haiwezi kuandika insha.

Insha yenyewe nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo alama anayodaiwa na ndiyo unayoweza kuisaidia bila Kiingereza. Agawe karatasi nguzo mbili. Upande wa Brutus: anazungumza kwanza, kwa nathari, sentensi zilizopimwa kwa akili, anauliza yeye amemkosea nani, anaridhika na makofi, halafu anaondoka na kuwaomba watu wabaki wamsikilize Antony. Upande wa Antony: anazungumza kwa ushairi, analia, anasimama kana kwamba ameshindwa kusema, na anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka neno heshima linageuka tusi. Anawaonyesha wosia lakini hausomi. Anashuka katikati yao na joho la Caesar, anaonyesha matundu moja moja: hapa kisu cha Cassius kilipita, hapa cha Casca, hapa cha Brutus mpendwa. Mwulize binti yako: Antony alikuwapo? Hakuwapo. Trebonius, mmoja wa wala njama, alikuwa amemtoa nje makusudi kabla ya visu. Hawezi kujua tundu gani ni la nani. Mwanafunzi akiliona hilo mwenyewe, ana insha. Mwisho kabisa ndipo wosia unasomwa: drakma 75 kwa kila Mrumi, na bustani zake za kando ya mto Tiber ziwe za watu wote.

Umesikiliza hotuba maishani mwako, mama. Umesikia watu wakisifu kwa mdomo huku wakichimba kwa maneno. Muulize alipoanza kumwamini Antony, na alipaswa kuacha wapi. Kiswahili kinatosha kabisa. Makosa ya insha hizi karibu kila mara ni matatu: mtoto anasimulia hadithi badala ya kudai jambo, ananukuu mistari kumi pale ambapo maneno sita yangetosha, au anaweka nukuu na kuiacha bila kusema inathibitisha nini. Dai, ushahidi, maelezo. Kila aya ivipitie vyote vitatu.

Narudi kwenye fomu. Ile 3.2 usiipokee nzima. Katika mtihani huo wa lugha, unaoitwa WIDA, ambao Kentucky hutumia, alama ya jumla imechanganywa: kusoma asilimia 35, kuandika 35, kusikiliza 15, kuzungumza 15. Omba alama nne zenyewe. Mtoto mwenye kusoma 4 na kuandika 2 hahitaji msaada uleule na mtoto mwenye 3 kila mahali. Wa kwanza anaweza kubaki na Shakespeare akasaidiwa kuandika. Kumhamishia kitabu cha picha kungemnyima anachokiweza bila kumpa anachokikosa.

Akibaki, haimaanishi abaki peke yake. Mwanafunzi anayejifunza lugha ana haki ya kusaidiwa ndani ya somo: muda zaidi, kamusi ya neno kwa neno, sauti, toleo lenye Kiingereza cha leo ukurasa wa pili, mistari michache zaidi ya kusoma kwa usiku mmoja. Yawe kwenye maandishi, kwa sababu msaada wa mdomo huisha mwalimu akiwa na siku mbaya. Toleo la kurasa mbili lina mtego wake: macho huhamia upande rahisi na hayarudi. Ukimkuta hivyo, afunike upande huo kwa karatasi mpaka amalize mistari yake.

Akihama, si kaburi kama kaka yake anavyosema. Madarasa hayo huwa na wanafunzi wachache, na walimu wake wamefunzwa jinsi mtu anavyojifunza lugha ya pili, jambo ambalo mwalimu wa fasihi huenda hakufunzwa. Kwa mtoto aliyechoka, nusu mwaka wa kupumua si haba. Lakini madarasa hayo hayafanani, na jina la darasa halikuambii kitu. Uliza kama linahesabiwa kuwa Kiingereza cha darasa la kumi kwa ajili ya kuhitimu au ni somo la nyongeza tu, kwa sababu Kiingereza kwa kawaida hudaiwa miaka minne yote ya sekondari, na mwaka usiohesabiwa utalipwa baadaye. Uliza lini ataangaliwa upya, na kama anaweza kurudi katikati ya mwaka. Jibu la hapo ndilo litakalokuonyesha kama "ukiingia hutoki" ni kweli kwenye shule yenu. Baba yake naye ana hoja: wastani wa alama una kazi yake. Ila insha moja isiyoandikwa huuangusha wastani katika darasa lolote, na Shakespeare hakimbiliki moja kwa moja. Darasa la 11 au la 12 huenda akamkuta tena, mara nyingi kwa Macbeth au Hamlet.

Wewe kama mzazi una haki ya kukataa programu ya lugha. Ukikataa, bado atafanya mtihani ule wa kila mwaka mpaka afikie kiwango cha kutoka, na shule bado ina wajibu wa kuhakikisha anaelewa masomo. Kukataa hakumfukuzi kwenye msaada, na kukubali hakumfungii milele. Kwa hiyo Ijumaa si mwisho wa dunia.

Jambo moja tu la barua yako lilinisumbua kwa namna nyingine: kwamba mkalimani wa mkutano alikuwa binti mwenyewe. Aliwekwa atafsiri hukumu yake. Hujui alichokiacha, naye pengine hakuweza kusema mbele yako lile la onyesho la Cinna. Shule inayopokea fedha za serikali kuu ina wajibu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na hulipi kitu. Mwombe mwalimu kwa ujumbe mfupi, ukitaka kwa Kiswahili hivihivi wautafsiri wao:

"Mwalimu, asante kwa kumjali binti yangu. Kabla ya kutia sahihi naomba tukutane tena na mkalimani wa Kiswahili wa shule, si binti yangu. Naomba mje na alama zake nne za mtihani wa lugha, na mnieleze kama darasa hilo linahesabiwa kuwa Kiingereza cha darasa la kumi, na lini anaweza kurudi. Naomba pia apewe tarehe mpya ya insha ya hotuba mbili. Fomu nitaileta baada ya mkutano huo."

Kama Kiswahili chako ni cha Kivu na unaona cha Dar kinakupita kwa kasi, kiandike hilo pia kwenye ombi. Wakalimani wengi hupatikana kwa simu tu, na shule ikijua mapema inaweza kukutafutia anayetoka upande wenu.

Mshauri